Siku Damu ya Madam Kagwiria Ilipowaka

Nimestaafu majuzi tu, na tayari mke wangu amechoka kuniona nikizungukazunguka nyumbani asubuhi bila pa kwenda. Ameniwekea meza dirishani, akasema niandike kitu au nikalishe ng'ombe. Ng'ombe wameshakula. Basi nawaandikia ninyi, vijana wangu wa maabara mliobaki kule kituoni na ile harufu ya spiriti ambayo bado haijatoka kwenye makoti yangu. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nimezaliwa Ruiri, kwenye boma la ng'ombe. Kabla sijajua kusoma nilikuwa najua ndigana. Kupe anauma, tezi chini ya sikio zinavimba, ng'ombe anaacha kula, anaanza kuhema akiwa amesimama tu, kisha anaanguka. Tulikuwa na mmoja mweusi wa maziwa, ambaye kwa kweli ndiye aliyetulea. Alipovimba tezi, baba alisema tungoje siku ya soko, maana siku hiyo daktari wa mifugo huja mwenyewe. Ng'ombe hakuifikia siku ya soko. Baba hakulia, na mimi nikakua nikitaka kazi yoyote ile itakayonisogeza karibu na ugonjwa huo nikiwa na silaha mkononi.

Kituo chetu, kama mjuavyo, kiko upande wa Embu, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka kutoka mlimani na kuingia mpaka kwenye korido kama una miadi na mtu. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Aliyenipokea alikuwa Madam Kagwiria, fundi mkuu wa maabara, mama wa Githongo, mfupi, mwenye sauti ya kwaya na macho ya mwalimu wa hesabu.

"Mutwiri, hiyo koti ni ya kazi ama ni ya harusi?" akaniuliza.

"Ni ya kazi, Madam."

"Basi ikunje mikono. Na unipe kidole."

Nilidhani ananitania. Kumbe pale kulikuwa na desturi, na yeye ndiye aliyeianzisha. Mgeni wa maabara hutolewa damu kidogo, na mwalimu wake naye hutoa ya kwake. Damu zikishaganda, mnazizungusha kwenye mashine mpaka yale maji ya rangi ya chai nyepesi, yaani seramu, yabaki juu. Kisha mnachukua kigae cha kioo chenye seli za ng'ombe zilizokaushwa, mnaweka matone matatu yasiyogusana: la sungura wa maabara aliyechomwa sindano, la mwalimu na la mgeni. Mnaosha, mnaweka rangi ya kijani inayoshika tu palipo na kingamwili iliyonasa kwenye seli, iwe ya sungura au ya mtu, mnaosha tena. Halafu mnaingia kwenye chumba cha giza, mnafunga mlango na kuwasha darubini.

"Hapa mtu huona giza yake kwanza," Madam akaniambia. "Ukijua giza inakaa aje, hutadanganywa na mwangaza."

Nikainama. Kwenye tone langu hapakuwa na kitu. Kwenye lake, hapakuwa na kitu. Akasogeza kigae taratibu mpaka kwenye tone la sungura, na vijana, sijui niwaambieje. Palikuwa na anga nzima. Seli zilikuwa zimekaa kama vivuli, na ndani ya kila kivuli kulikuwa na vidoa vya kijani, kimoja, viwili, vitatu, vimetulia vinawaka. Sikumbuki nilitazama muda gani. Nilisahau kama nje ni mchana, nikasahau hata koti. Madam alinigusa bega akasema taa ya darubini si ya babangu, inaungua ikiachwa, tutoke.

Vidoa vile ndivyo nukleoli. Viko ndani kabisa ya kiini cha seli, na ndiko seli inakoundia mitambo yake ya kutengeneza protini. Kidudu cha ndigana kikishaingia kwenye chembe nyeupe za damu ya ng'ombe, chembe hizo huanza kugawanyika bila breki na nukleoli zake hunenepa. Daktari Njeru, mkuu wetu wa utafiti, alikuwa akifuatilia protini moja inayokaa humo. Alitaka kujua kama inabaki nyumbani wakati wa ugonjwa au inahama. Lakini protini huwezi kuiona kwa macho. Ni lazima umpate wa kukushikia.

Wa kukushikia ni sungura. Unamchoma protini ile chini ya ngozi, unampumzisha, unarudia, na mwili wake unaunda kingamwili za kuishika. Tuseme ukweli, hazishiki kwa namna moja. Mmewahi kuona watu wakimshika fahali kwenye josho? Mmoja yuko pembeni, mwingine mkiani, mwingine mguuni, na kuna mmoja anayepiga kelele tu. Ndivyo seramu ya sungura ilivyo, mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja na sehemu yake ya kushika. Kuna zile nyingine za kisasa za kuagiza nje, za aina moja tu, safi, zinazofanana chupa hadi chupa. Nimezitumia na sina ugomvi nazo. Ila fahali akigeuka kidogo, yule mshikaji mmoja anaachwa na hewa mkononi.

Nilipewa sungura kumi na kazi ya kuwatunza, na sitaficha kwamba niliipenda kuliko yote. Jumamosi nikienda nyumbani nilipitia soko la Gakoromone, nikaokota majani ya karoti wanayoyatupa mama wa mboga, nikarudi na gunia zima. Wale mama waliamini nina familia kubwa yenye shida. Madam alinifundisha kupasha sikio la sungura kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mpaka mshipa usimame, kumfunika macho, kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Yeye aliwaimbia nyimbo za kanisani, sauti ya pili, na sungura walitulia kweli. Mimi nilijaribu kuimba mara moja, mmoja akanikojolea.

Alinifundisha pia huzuni ya kazi ile. Sungura mmoja akikupa seramu nzuri, ni yake peke yake. Siku akifa na chupa zikaisha, kingamwili ile imetoweka duniani. Utamchoma mwingine protini ileile, sindano ileile, naye atakupa za kwake, labda nzuri, labda za kupiga kelele tu. Kwa hiyo tulitumia kidogokidogo, tone kwa tone, na kabla ya kuamini seramu yoyote tulirudia, tukaipunguza nguvu kwa maji ya chumvi nusu kwa nusu, tukatazama tena. Kitu cha uchafu hufifia upesi. Cha kweli huendelea kuwaka.

Miaka ikaenda hivyo, na nikiikumbuka sasa inakuja yote pamoja, ukungu kwenye korido, mashine inayozunguka, wimbo wa Madam ukitoka kwenye chumba cha baridi. Alikaa sana kwenye chumba kile, maana chupa za seramu zilikuwa chini yake. Akitoka, vidole vyake vilikuwa vyeupe kama chaki, kisha vikawa vya samawati, kisha vyekundu, naye akavisugua juu ya birika la chai huku akisonya. Tulimtania. Tulimnunulia glavu za sufu kila Krismasi. Daktari Njeru alikuwa akisema Madam ameanza kugeuka kuwa friji.

"Ni baridi ya mlima," alijibu kila mara. "Nyinyi wa Ruiri mnajua nini na baridi?"

Kisha akaja Wanja. Wengi wenu mnamjua kama mkuu wenu wa sasa, mnamwogopa inavyostahili, lakini siku hiyo alikuwa msichana aliyetoka chuo kikuu juzi, ametoka kwao Embu na nywele zilizosukwa jana yake. Wakati huo mimi ndiye nilikuwa nafundisha, ila desturi ilikuwa ya Madam na hakukubali kumwachia mtu. Alimpa Wanja kidole chake mwenyewe, cheupe kwa baridi, na Wanja akalazimika kukikamua ndipo damu ikatoka. Madam akarudi kwenye chupa zake. Sisi tukaweka matone matatu, tukaosha, tukaingia gizani.

Nilimwacha Wanja atazame kwanza. Akainama, kisha akasema:

"Sir, sungura inawaka. Wow. Ni poa sana."

"Sogeza kwa lako."

"Yangu ni giza."

"Vizuri. Sasa la Madam."

Akasogeza.

"Sir, ya Madam pia inawaka."

"Umerudi kwa sungura. Sogeza tena."

"Sijarudi. Sir, nadhani nimeharibu. Nimechanganya. Nisamehe, ni first day yangu."

Nilimsogeza taratibu nikainama mwenyewe. Lilikuwa tone la Madam. Kwenye kila seli kulikuwa na vidoa, kimoja, viwili, vitatu, vya kijani, vimetulia. Ningewekewa la sungura kando yake nisingeweza kuyatofautisha.

Nilimwambia Wanja kwamba bila shaka amechanganya tyubu na si dhambi, na wakati huo niliamini hivyo. Tulitoka, akiwa tayari analia. Madam alitoka chumba cha baridi akatukuta hapo mlangoni. Akauliza, nikamweleza. Nilitarajia acheke.

Hakucheka. "Rudieni," akasema.

Tulirudia, safari hii kila tyubu nikiwa nimeishika mimi. Liliwaka. Akasema turudie na rangi mpya, likawaka. Kisha akaninyang'anya pipeti mkononi, akaketi mwenyewe, akaanza kuipunguza seramu yake nusu kwa nusu, nusu kwa nusu, vilevile tulivyofanya kwa sungura. Hakuimba. Vidole vyake havikukunjana vizuri kwenye pipeti, na kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile ya glavu na utani, niliviangalia kwa makini. Ngozi ilikuwa inang'aa, imekazwa juu ya mifupa kama nguo iliyonywea kwenye maji ya moto. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba wapo watu ambao mwili wao huunda kingamwili dhidi ya nukleoli zao wenyewe, na protini ile haitofautiani sana kati ya ng'ombe na mtu. Nilikuwa nimesoma pia ugonjwa unaokuja nao, unaokaza ngozi na kisha mapafu.

Aliingia chumba cha giza, nami nikaingia nyuma yake. Akatazama tone baada ya tone, hadi lile lililopunguzwa kuliko yote. Lilikuwa bado linawaka. Akakaa hapo, jicho kwenye darubini, mwanga wa kijani kwenye shavu lake.

"Angalia vile imekaa vizuri, Mutwiri," akasema polepole. "Hata sungura yetu haijawahi kutoa safi hivi."

Nilitaka kulia na nililia, maana gizani hakuna wa kukuona.

"Mama yangu alikuwa na hii mikono," akasema. "Ilikauka hivi hivi, mpaka uso ukakauka, mpaka akakosa pumzi. Kwetu walisema ni kiapo. Ati watu wetu walikula kiapo cha uongo juu ya shamba. Nilikuwa namlisha na kijiko na watu hawaingii kwa nyumba." Akaondoa jicho kwenye darubini. "Kumbe ilikuwa damu tu."

"Madam, twende hospitali."

"Nitaenda."

Vijana, hapo ndipo mjue mtu ni mtu. Mama yule ambaye hakukubali jibu lisilorudiwa, ambaye angekutuma upya kwa sababu ya tone moja lililotikisika, alianza kungoja. Kwanza kahawa ilikuwa tayari kuchumwa Githongo. Kisha kwaya ilikuwa na mashindano. Kisha binti yake alikuwa na mtihani. Daktari Njeru alipojua alisema jambo la haki, kwamba sisi ni maabara ya ng'ombe, hatuna ruhusa ya kumwambia mtu ana ugonjwa gani, na kidoa cha kijani peke yake si ugonjwa. Aende kwa daktari wa watu. Akapiga marufuku desturi ile ya damu siku hiyohiyo. Alikuwa sahihi kabisa, nami nilimnunia wiki nzima.

Nilimfuata Madam kila siku. Nikimkuta kwenye chai namuuliza, nikimkuta kwa sungura namuuliza. Akaanza kunikwepa. Nikamsikia akikohoa, kikohozi kikavu, kidogo, kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kufunguliwa. Akipanda zile ngazi za stoo alisimama katikati, akijifanya anatazama mlima.

Siku moja nilimkuta pale kwenye ngazi, ukungu umefunika hata ukuta wa pili. Akaniwahi.

"Baada ya Krismasi, Mutwiri. Usinisumbue."

"Madam, baba yangu alingoja siku ya soko," nikasema. "Ng'ombe hakungoja."

Alikijua kisa hicho. Nilishamsimulia wakati tukilisha sungura. Aligeuka akanitazama kwa hasira, na nadhani kama angekuwa na pipeti mkononi angenirushia. Kwa mwalimu wake mtu hasemi hivyo. Kwetu, mama wa rika lake humlinganishi na ng'ombe, hata awe ng'ombe mpendwa kiasi gani. Nilisimama hapo nikingoja nitukanwe.

"Naogopa," akasema.

Ni neno moja tu, na sikuwahi kulisikia kwake kabla ya siku hiyo.

"Hata mimi," nikamwambia.

"Wakiniambia ni ile ya mama, nitafanya nini?"

"Sijui. Lakini mama yako hakuwa na mtu wa kumwambia mapema. Wewe umejiambia mwenyewe, na ukarudia, na ukapunguza nusu kwa nusu."

Akafuta uso kwa kipande cha pamba alichokuwa nacho mfukoni. Akakohoa. Kisha akauliza kama gari la kituo lina mafuta, kwa sauti yake ileile ya kuulizia spiriti, na nikajua tunaenda.

Nilimpeleka mimi na mume wake, kwanza mjini, kisha Nairobi kwa daktari bingwa. Daktari alimshika vidole, akasikiliza mapafu, akapiga picha za kifua, akachukua damu yake kwenda kupima kwao. Jibu lilipokuja alitueleza bila kuzunguka. Ni ugonjwa wa kukazana ngozi. Umeshagusa mapafu, lakini ndio kwanza umebisha mlangoni. Ipo dawa ya kuupunguzia mwendo, ya kuuondoa haipo. Akasema wengi humjia wakiwa hawawezi tena kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, na hao huwa hana kikubwa cha kuwafanyia. Akamuuliza Madam nani alimtuma mapema hivi. Madam akasema ametumwa na sungura. Daktari hakuelewa na hakuna aliyemfafanulia.

Alirudi kazini. Tulimtoa kwenye chumba cha baridi kwa nguvu, chupa zikawa zangu, na yeye akapewa meza penye jua. Dawa zilimtapisha, zikamnyoa nywele kidogo, akavaa kilemba na kusema sasa ni mama askofu. Ngozi iliendelea kukaza, polepole. Pumzi ilibaki. Kwaya aliiacha sauti ya pili akahamia safu ya nyuma, lakini hakuiacha kwaya. Alikuja kustaafu kwa miguu yake mwenyewe, akacheza na binti yake siku ya harusi, na siku moja alinipigia simu kunilaumu kwamba mjukuu wake amechukua masikio yangu, jambo lisilowezekana na ambalo mume wake halipendi.

Kuhusu ile protini mnayoifuatilia bado, mengi mmeyapita na mengine mtayapita. Rudieni kila kitu. Msiamini seramu kwa sababu inapendeza. Waimbieni sungura, kama mna sauti.

Siku yangu ya kuagwa, mwezi uliopita, Wanja alimleta Madam Kagwiria kwa gari lake kutoka Githongo. Hakuwa ameniambia. Nilimwona akishuka taratibu, amevaa glavu za sufu juani, uso umembana mpaka tabasamu lilikuwa dogo kuliko alivyotaka. Walimpa nafasi aseme maneno. Nilijiandaa kusikia habari za lile koti.

"Huyu kijana," akasema, na mimi nina mvi kichwa kizima, "aliniletea habari mbaya wakati bado iko na maana." Akapumzika kidogo, akavuta pumzi, ikaingia. "Nashukuru Mungu. Ni hayo tu. Leteni chai."

Chai ikaletwa. Aliketi kando yangu, akavua glavu, akakitazama kikombe. Vidole vyake havifungi tena. Watu walikuwa wakipiga picha na hakuna aliyeona. Nilikiinua, nikakipuliza kidogo, nikamshikia, naye akanywa, akapumzika, akanywa tena, mpaka akaimaliza.